Usiniletee oda ya jina tu

Mnaoniuliza mbona kimya, niko likizo nyumbani, Idete. Kwa msiopajua, ukifika Ifakara bado hujafika kwetu, unashika njia ya Mlimba ndo unatukuta. Mtandao ni wa kuvizia, kwa hiyo haya nimeyaandika jana usiku, leo nayatupia.

Leo nataka kuongelea ile biashara yangu ya sanamu, maana kuna watu wamenuna. Nimekataa oda nne kabla ya kufunga chuo, na mmoja kanitangaza hosteli nzima kwamba nimeanza kuringa. Jamani, siringi. Nisikilizeni kwanza.

Wengi mnajua nilivyoanza. Bumu lilichelewa, nikawa na vinyago vitupu kama kumi nilivyonunua kwa fundi mmoja Ifakara anayechonga mabaki ya mbao zake jioni. Watu wadogo tu, wa urefu wa kiganja, hawana sura wala nguo. Nikavipiga msasa, nikapaka rangi nyeupe ya msingi (ukiruka hapo, mbao inakunywa rangi yako yote na unabaki na madoa), halafu rangi ya mafuta ya kopo. Kimoja nikakifanya mwenzangu wa chumbani, na kitenge chake cha njano na miwani. Akakipeleka darasani. Ndani ya wiki mbili nina foleni ya watu wanataka zawadi: ya bethdei, ya mahafali, ya kuomba msamaha.

Wanaosema naiga Tingatinga, sawa, sikatai. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972, na rangi yake ilikuwa hiyohiyo ya makopo, ile ya kupakia baiskeli. Rangi ya maskini, ila inang'aa. Shida yake ni kukauka. Ukiwa na haraka ukapaka ya pili juu ya mbichi, macho yanashuka hadi kidevuni. Sasa mtu anakuja Alhamisi anataka Ijumaa!

Lakini hiyo siyo sababu ya kukataa oda. Sababu ni hii hapa.

Muhula uliopita alikuja kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Mpenzi wake ana bethdei. Nikauliza, anapenda nini? Akasema, "Kwao ni huko bondeni kwenu, wewe si unapajua, chora chochote cha huko, andika jina lake." Nikafurahi kweli. Bonde la Kilombero nalijua kama kiganja changu, kwa nini nimuulize zaidi? Nikatengeneza mtumbwi, mtu kasimama na pondo mkononi, maji ya bluu chini, jina la yule dada ubavuni mwa mtumbwi kwa herufi nyekundu. Kazi ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Elfu kumi na tano, mkononi.

Baada ya siku tatu yule dada akanifuata mwenyewe kantini. Hakufoka. Akaniambia kaka yake alizama mtoni, mtumbwi ulipinduka, ni mwaka wa nne sasa. Na mimi nimechora mtumbwi nikaubandika jina lake. Nikakosa pa kuweka uso. Akanitazama, akasema, "Dada, wewe hukujua. Lakini hata yeye hajui. Tuko wote mwaka wa pili huu."

Hayo maneno sijayasahau mpaka leo. Yule kaka alilipa ili apewe kitu cha "maalumu", na umaalumu wote ulikuwa jina. Na mimi, mtoto wa bondeni, ninayejua kwamba mto ule unalisha watu na pia unachukua watu, nilishindwa kuuliza swali moja.

Kuna watu wataniambia acha kukuza mambo, ni kinyago tu. Mimi nasomea ualimu, na zana za kufundishia ndiyo mambo yetu, kwa hiyo vumilieni kidogo. Hans Cory, yule Mwaustria aliyekuwa mtafiti wa mila serikalini enzi za Tanganyika, alitoa kitabu mwaka 1956 kuhusu sanamu za udongo za jando na unyago. Sanamu ndogondogo, zimepakwa nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kinachonigusa ni kwamba sanamu ilikuwa na wimbo wake, na maana ilikuwa kwenye wimbo. Mwali anaonyeshwa, anaimbiwa, anaelezwa. Ukiiokota ile sanamu bila wimbo, umeokota udongo tu. Sasa nyie mnaniletea jina na elfu kumi na tano mnataka nitoe wimbo wapi?

Nilimsimulia bibi habari hii juzi. Bibi yangu anafinyanga. Akaniuliza, "Ulimuuliza nini yule mnunuzi?" Nikasema nilimuuliza kidogo tu. Akaguna. Yeye hauzi chungu kabla hajajua kinakwenda kupika nini, maana cha mboga si cha ugali, na mtungi wa maji ni habari nyingine kabisa. "Mjukuu wangu, mtu asiyejua anataka kupika nini, mwambie arudi kesho." Basi.

Kwa hiyo utaratibu mpya ndo huo. Ukija na oda, njoo na maneno. Huyo mtu anacheka vipi? Anavaa nini akiwa hana pa kwenda? Kitu gani usimtajie? Ukishindwa kabisa, kaa naye jioni moja kwanza. Na kama huna muda huo (mitihani najua, hata mimi ninayo), wala siyo dhambi: nenda Mwenge kanunue kinyago kizuri cha Kimakonde, uangalie tu wasikuuzie mti wowote uliopakwa kiwi wakasema mpingo. Mchongaji naye anakula. Ila usiseme umemtengenezea.

Yule dada alirudi wiki ya mwisho ya muhula na mtumbwi ule kwenye mfuko. Nilidhani anaurudisha. Akataka niufanyie kazi upya, na awepo. Tukakaa nje ya hosteli, yeye akafuta jina lake kwa msasa mwenyewe, huku anasimulia. Kaka yake alikuwa Yanga damu, fulana ya kijani na njano haikauki mwilini. Nikamvalisha. Kumbe alikuwa pia anatumia mkono wa kushoto, na mimi pondo nimeliweka kulia. Ikabidi tukate mikono yote miwili tuigeuze kwa gundi. Haikukaa vizuri. Bega la kushoto limevimba na gundi inaonekana hata ukiwa mbali, nikamwambia niachie niirekebishe likizo. Akakataa, akaondoka nayo hivyohivyo, rangi haijakauka, ameibeba kwa vidole viwili.