Safari ya porini Kilosa na Mikumi: Nani atasema ‘tugeuze’?

Likizo zinapokaribia, makundi ya WhatsApp ya ndugu, marafiki na wafanyakazi wenza hujaa mipango. Mmoja ana Land Cruiser, mwingine amenunua pikapu, wa tatu ana rafiki fundi. Haipiti siku mbili jina la Mikumi limeshatajwa. Na kwa wanaotaka magari yafanye kazi kweli, njia inayopendekezwa si ile ya lami ya moja kwa moja kutoka Morogoro, bali ya kuzungukia Dumila, Kilosa na Ulaya. Ulaya hii ni ya wilayani Kilosa, haihitaji viza.

Mjadala huwa mrefu kuhusu matairi, mafuta na nyama ya kuchoma. Michango hupangwa, orodha hupitishwa. Swali linalokosa nafasi ni moja: ndani ya magari hayo watakaa akina nani, na yupi kati yao akisema “tugeuze” magari yatageuka kweli?

Udongo na maji ya Kilosa

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inapita ndani yake kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi huona twiga na swala bila kushuka. Ndiyo maana wengi huiona kuwa hifadhi nyepesi.

Wepesi huo unaishia pale lami inapoishia. Uwanda wa Mkata una udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unakuwa mgumu, wenye nyufa. Ukipata mvua ya saa moja tu, unajaza meno ya tairi mpaka gurudumu linazunguka pale pale, hata kama gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia nyingi za ndani hazipitiki.

Upande wa Kilosa, tatizo ni maji yanayoshuka kutoka milima ya Rubeho na Ukaguru. Wenyeji hawajasahau mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipoacha mkondo wake, ukaharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu bila makazi. Januari 2014 mafuriko mengine yalikata mawasiliano ya barabara ya Morogoro–Dodoma eneo la Dumila na Magole. Mvua inaweza kunyesha mlimani wakati kundi lililo bondeni linaota jua. Kijito kilichovukwa asubuhi kwa kicheko, jioni kinaweza kuwa kitu kingine.

Mpango uanze na abiria

Kundi lenye busara huanza na abiria kabla ya kukagua injini. Mratibu amuulize kila mtu, tena faraghani: ana pumu, kisukari, presha, kifafa au ujauzito? Anatumia dawa gani, na zitatosha siku ngapi zaidi ya zilizopangwa? Mtoto ana umri gani?

Majibu hayo ndiyo yanayochagua njia. Mjamzito wa miezi ya mwisho hapaswi kuwa saa nne mbali na chumba cha kujifungulia, tena kwenye mashimo. Mwenye pumu atasumbuliwa na vumbi la gari lililo mbele yake, hivyo gari lake litangulie na pampu yake ikae mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya keria. Anayetumia insulini anahitaji mahali penye ubaridi pa kuihifadhia. Watoto wakae kwenye viti na mikanda. Nyuma ya pikapu si mahali pa mtoto, hata kama gari linakwenda polepole, kwa sababu njia mbovu ndiyo hurusha watu nje.

Kisha mratibu aandike hospitali zilizo njiani pamoja na namba zake za simu. Kwa safari hii ni Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, Hospitali ya Mtakatifu Kizito mjini Mikumi, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Morogoro. Apige simu kabla ya safari na kuuliza swali moja ambalo wengi hulisahau: dawa ya sumu ya nyoka ipo? Si kila hospitali huwa nayo, na kujua jibu mapema huokoa muda.

Mambo matatu yasiyo na mjadala

Hatari kubwa kwenye safari za namna hii mara nyingi huanzia kwenye aibu. Mama aliyekaa nyuma ndiye anayemwona mtoto akilegea. Akisema, “Baba, turudi, mtoto ana joto,” jibu hutoka mbele: “Tuvuke hapa tu, mama, ng’ambo njia ni nzuri.” Dereva hataki kuonekana ameshindwa mbele ya shemeji zake na marafiki. Mama naye hataki kuonekana anaharibu safari ya watu. Wote wawili wananyamaza, na gari linaendelea.

Dawa ya aibu hiyo ni kukubaliana mapema, wakiwa bado nyumbani. Kundi limchague mtu mmoja asiye dereva, ambaye neno lake la kugeuza halipingwi. Na yawepo mambo matatu ambayo yakitokea magari yanageuka bila kura.

La kwanza ni saa. Ikifika saa 8 mchana na kundi halijamaliza nusu ya kipande kigumu, linarudi lilikotoka. Giza huingia muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na ndani ya hifadhi watalii hawaruhusiwi kuzunguka usiku.

La pili ni maji. Maji yanayokimbia yakifika magotini yanaweza kusukuma gari dogo, na yakizidi hapo hata gari kubwa huelea na kupoteza mwelekeo. Yakiwa ya matope na chini hakuonekani, hakuna kuvuka.

La tatu ni mgonjwa. Homa ya mtoto, kutapika kusikokoma, kifua kubana, damu kwa mjamzito: lolote kati ya haya linamaliza safari siku hiyo.

Gari likinasa

Watu huumia zaidi wakati wa kunasua gari kuliko wakati wa kunasa. Kamba ya kuvutia ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mfupa au kuua. Watoto na watazamaji wakae mbali, umbali unaozidi urefu wa kamba yenyewe, na pasiwe na mtu anayeiruka. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwenye bampa.

Hatari nyingine haina kelele. Bomba la moshi likizama kwenye tope huku injini inaunguruma na watu wamelala ndani, hewa ya sumu huwajaa bila harufu ya kuwashtua. Injini izimwe.

Ndani ya hifadhi kuna sheria zake. Ni marufuku kuacha njia, na hairuhusiwi kushuka garini ovyo. Kwa hiyo kundi lichukue namba ya askari wa hifadhi langoni, na gari likinasa waitwe wao badala ya mtu kushuka na koleo kwenye majani marefu. Gari moja peke yake lisiingie njia ngumu. Yawe mawili au zaidi, na mtu aliyebaki nyumbani ajue njia na saa ya kurudi.

Vya kubeba, na baada ya kurudi

Maji ya kunywa yahesabiwe kwa siku moja zaidi ya mpango. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji, glovu, dawa ya maumivu, kipimajoto na pakiti za ORS. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi hufanya kazi hiyo. Nguo ziwe nzito kiasi na za rangi iliyofifia, kwani mbung’o hufuata magari yanayotembea na hupenda bluu na nyeusi. Chandarua kisiachwe.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe jeraha wala kufungwa kamba. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, apelekwe hospitali.

Safari haiishi siku ya kuosha magari. Dalili za malaria huanza kuonekana siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Homa yoyote ndani ya wiki zinazofuata ipimwe, na mgonjwa amweleze daktari kwamba alikuwa Kilosa na Mikumi.

Kabla ya kuchanga hela ya mafuta, basi, kundi liandike jina la mwenye neno la kugeuza, na dereva wa kila gari akubali mbele ya wote. Asiyekubali apewe kiti cha abiria.