Mechi sita zaidi, mshahara ule ule? Wachezaji wa Hamilton walikataa

Mchezaji akigoma hapa Kenya, lawama huwa hazikawii. Ati ana tamaa, ati hana uzalendo, mbona asicheze kwanza pesa zije baadaye? Basi leo wacha niwatetee wagomaji wa zamani sana, tena wa mchezo ambao wengi wetu tulianza kuusikia vizuri Ice Lions walipoanza kuteleza pale Panari: hoki ya barafu.

Ligi ya NHL iliundwa Montreal mwaka wa 1917. Kufikia msimu wa 1924-25 ilikuwa imeanza kunusa pesa. Boston Bruins waliingia kama timu ya kwanza kutoka Marekani, timu zikawa sita, na mechi za kila timu zikapanda kutoka 24 hadi 30.

Hamilton Tigers wa Kanada walikuwa wameburuta mkia misimu minne mfululizo. Mazee, msimu huo wakamaliza kileleni na alama 39, moja tu mbele ya Toronto St. Patricks. Billy Burch wao akabeba Hart Trophy, tuzo la mchezaji mwenye manufaa zaidi kwa timu yake. Kilichobaki ni fainali.

Hapo ndipo wachezaji, wakiongozwa na nahodha Shorty Green, waliposema: tumecheza mechi sita zaidi, tupeni dola 200 kila mmoja, la sivyo hatuingii uwanjani.

Rais wa ligi, Frank Calder, hakutaka kusikia. Hoja ya wakubwa ilikuwa kwamba mkataba unahesabu tarehe, Desemba hadi mwisho wa Machi, hauhesabu mechi. Kwenye karatasi, sawa. Lakini karatasi hiyo nani aliiandika? Ni kama mtu wa boda anayelipwa kwa siku: bosi anamwongezea parseli sita, akilalamika anaambiwa siku bado ni ile ile. Mimi nimeambiwa maneno kama hayo kwa kibarua fulani, na bado yananikera.

Kuna watakaosema wangengoja msimu uishe. Wangoje nini? Baada ya fainali, mchezaji ana nini cha kumtisha bosi?

Calder akawasimamisha wote na kuwapiga faini ya dola 200 kila mmoja. Ndio, pesa ile ile waliyoomba! Montreal Canadiens, waliokuwa wamewafunga Toronto, wakatangazwa mabingwa wa ligi, wakasafiri magharibi kugombea Stanley Cup na kuchapwa na Victoria Cougars.

Sasa piga hesabu. Hata wakiwa wachezaji kumi, walichodai ni dola 2,000. Baada ya hapo wachezaji hao wakauzwa New York kwa dola 75,000, kwa timu mpya ya Americans iliyokuwa na pesa za Bill Dwyer, mlanguzi wa pombe wakati pombe ilikuwa haramu Marekani. Kumbe pesa zilikuwepo, bana. Na huko New York mishahara ikapanda.

Walioumia kabisa ni mashabiki. Mji wa Hamilton haujapata timu nyingine ya NHL hadi leo. Hao nawaonea huruma. Calder, hapana.