Uhuru wa Fikira na Bonde la Rufiji

Wako wasomi wanaodhani kwamba fikira za mkulima zimefungwa na mila, na kwamba fikira za mwenye elimu zi huru. Dhana hiyo si kweli, na bonde la Rufiji ni shahidi.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali ilianza mwaka 1969 kuwahamisha wakazi wa bondeni na kuwapeleka nchi ya juu, katika vijiji vya ujamaa kama Ikwiriri. Waliosimamia kazi hiyo hawakuwa na nia mbaya: waliona maji, wakaona maafa, wakaona wajibu wa kuokoa. Lakini mkulima aliyatazama maji yale yale kwa jicho jingine. Kwake mafuriko ndiyo yaletayo tope lenye rutuba na kuyajaza mabwawa samaki; nayo yakipungua, hupandwa mazao ya mlao katika ardhi iliyobaki na unyevu. Kwa hiyo wengi walirudi kulima bondeni, wakakaa miezi katika madungu yao, wakilinda mashamba na ndege na nguruwe. Ikawa rahisi kuwaita wakaidi.

Ni nani basi aliyefungwa? Katika hotuba ya Budha iitwayo Madhupindika, yaelezwa jinsi wazo linavyozaliwa. Jicho hukutana na kitu, hutokea hisia, kilichohisiwa hutambuliwa na kupewa jina, jina huzaa mawazo, na mawazo huzaana hata yakamgeukia mwenyewe na kumtawala. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Neno “maafa” lilipokwisha kutamkwa ofisini, hapakuwa na haja tena ya kumwuliza aliyeuishi mto. Mwenye kalamu alijiona anafikiri, kumbe mazoea yalikuwa yakifikiri kwa niaba yake.

Huenda mtu akauliza, Budha ana uhusiano gani na Warufiji, ambao wengi wao ni Waislamu? Swali hilo lenyewe ni kifungo, maana lapima neno kwa asili ya msemaji. Kurani nayo huwalaumu wanaofuata ya baba zao pasipo kutumia akili. Budha aliwaambia Wakalama wa Kesaputta wasikubali neno kwa sababu ni la mapokeo, wala kwa sababu limo katika maandiko, wala kwa kuwa lapatana na mantiki, wala kwa heshima ya mwalimu; bali walipime kwa matunda yake, wajue wenyewe liletalo madhara na liletalo heri. Orodha hiyo haimhurumii msomi: maandiko yake, mantiki yake na mwalimu wake vyote vimetajwa pamoja na mila ya mkulima.

Wala haifai kumgeuza mkulima kuwa nabii. Maji ya 1968 yaliangamiza kweli, na adaiye kwamba bonde halidhuru kamwe ni mfungwa wa pili. Mwezi Aprili 2024 maji yalipofunika tena makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, wako waliolitaja bwawa la Julius Nyerere, na wako waliotaja mvua kubwa. Kila neno kati ya hayo lilistahili kupimwa. Likishikwa kabla ya kupimwa, huwa pingu, hata kama baadaye laonekana kuwa kweli.

Hata hivyo wafungwa hawa wawili hawalingani. Mkulima akikosea, hupoteza shamba lake. Mpanga mipango akikosea, bonde zima hupoteza msimu. Mwanafunzi anayeandaliwa leo chuoni huenda kesho akapewa kalamu iwezayo kuhamisha vijiji. Wajibu wa kuchunguza fikira ni mkubwa zaidi kwake kuliko kwa yule atakayehamishwa. Kabla hajamwita mtu mkaidi, na ajiulize neno hilo alilipata wapi, na ni nani atakayeumia likiwa si kweli.