Shirika likifungwa, kazi isifungwe



Wengi hapa masomoni wanasema: musaada wa ngambo ukikatika, kazi inakufa. Sisi viongozi wa wanafunzi hatukubali vile.

Tuangalie Progressio, shirika dogo la Wakatoliki wa London, lililoanza mwaka 1940 kwa jina lingine. Lilituma watu wenye ufundi wakae na kutumika pamoja na vikundi vya wanainchi, kwa mufano Malawi, Zimbabwe na Honduras. Lakini sehemu kubwa ya feza yake ilitoka mufuko mumoja, ule wa serikali ya Uingereza. Mufuko ulipofungwa, shirika nalo likafungwa, mwaka 2017. Kazi ilikuwa ingali nyingi.

Kikundi chenye kujifunza kushika daftari ya feza na kuongoza mikutano yake, nani atakinyanganya ufundi ule? Lakini kikundi chenye kungojea barua ya Ulaya tu kinakufa siku barua inakosa.

Na sisi je? Tuna sanduku la wagonjwa wa internati. Tunangojea wageni walijaze. Trimestri iliyopita mwenzetu alishikwa na malaria usiku, sanduku tupu. Tukakopa feza ya dawa kwa mupishi. Haya ni yetu, maana sisi wakubwa ndio tulisahau.

Basi, kila darasa lilete kidogo kila juma, na hesabu ibandikwe ukutani, wote waione. Darasa la sita tunaanza siku ya kwanza. Wageni wakija, tutawashukuru. Wasipokuja, mugonjwa atapata dawa.