Gia Isiyo na Ngazi kwa Mzigo wa Mtopanga

Baiskeli ya mizigo inayotoka soko la Kongowea kwenda Mtopanga, wadi ya eneobunge la Kisauni mjini Mombasa, huwa na gia moja tu, na gia hiyo moja hutakiwa ifae lami ya barabara ya Malindi, mchanga wa vichochoroni na tope la masika pia. Wazo la kuanzisha kampuni changa ya kuunda baiskeli zenye gia isiyo na ngazi, ile ambayo mafundi wa magari huiita CVT, kwa hiyo lina mahali pake hapa, ila mpango wake, kwa maoni ya safu hii, unapaswa kuanzia kwa fundi wa kando ya barabara kabla ya kufika kwa mhandisi.

Gia ya kawaida hupanda kwa ngazi: cheni hutoka kwenye duara moja la meno na kurukia jingine, na kati ya ngazi hizo mbili hakuna pa kusimama. Gia isiyo na ngazi huteleza kutoka wepesi hadi uzito bila kuruka popote. Katika magari mengi madogo yaliyotumika yanayoteremshwa bandarini Mombasa kutoka Japani, kazi hiyo hufanywa na mkanda unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Katika baiskeli, muundo unaojulikana zaidi ni kitovu cha gurudumu la nyuma ambacho kampuni ya Marekani ya Fallbrook ilikiuza kwa jina la NuVinci. Ndani ya kitovu hicho mna gololi kubwa za chuma zilizopangwa kwa duara na kubanwa na pete mbili, moja ikipokea nguvu ya cheni na nyingine ikiipeleka kwenye gurudumu. Kila gololi ina mhimili wake, na mwendeshaji anapozungusha kishikio cha usukani mihimili yote huinama pamoja, hata pete moja ikawa inaigusa gololi karibu na mhimili, palipo na mzunguko mfupi, na ya pili ikaigusa mbali zaidi, palipo na mzunguko mrefu. Tofauti ya mizunguko hiyo ndiyo gia yenyewe. Mafuta maalumu yaliyomo ndani hukazana yanapobanwa, yakapitisha nguvu bila chuma kusagana na chuma.

Faida ya muundo huu huonekana zaidi mahali pa kuondokea. Madafu 40 ya kilo 2 kila moja ni kilo 80, na mitungi minne ya maji ya lita 20 ni kilo 80 vilevile; mwenye mzigo huo, akikatiziwa njia na tuktuk kwenye mchanga, hulazimika kuikanyaga pedeli kwa uzito wa mwili mzima, tairi la nyuma likazama, cheni iliyolegea ikaruka jino, naye akashuka kusukuma. Kwa kitovu cha gololi angeweza kuilainisha gia akiwa amesimama, ilhali gia za cheni hutaka pedeli ziwe zinazunguka ndipo cheni ihame. Isitoshe, kitovu hicho kimefungwa pande zote, na hewa ya chumvi, ambayo ndiyo adui mkubwa wa vyuma vyembamba vya gia za nje hapa mwambao, haipati pa kupenya kwa urahisi.

Gharama yake nayo si ndogo. Kitovu cha NuVinci cha aina ya N360 kina uzito wa takriban kilo 2.5, hupoteza nguvu nyingi kuliko cheni safi iliyotiwa mafuta, na bei yake hupita bei ya baiskeli nzima ya Black Mamba. Fallbrook yenyewe iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 2018, na bidhaa ikaendelea kwa jina la Enviolo, ikipata wateja wengi katika baiskeli za umeme za Ulaya. Kampuni ya Mtopanga isianze, basi, kwa kuchonga gololi zake. Inunue vitovu vichache na ivifunge kwenye fremu imara za mizigo.

Kipimo cha busara ya kuanzia kwa fundi kipo Kisumu, zinakounganishwa baiskeli za Buffalo za shirika la World Bicycle Relief. F.K. Day, mmoja wa waasisi wa SRAM, kampuni ya Chicago inayotengeneza gia, aliliasisi shirika hilo mwaka 2005 pamoja na Leah Missbach Day, baada ya tsunami ya Desemba 2004. Mtu aliyezungukwa na gia za kila namna alichagua gia moja, kwa kuwa kila kipuri chake fundi wa kijijini angeweza kukiona, kukishika na kukibadilisha. Gia ya pili ilipoongezwa miaka ya karibuni, katika baiskeli iitwayo S2, ilikuja kwa cheni mbili zisizo na waya wowote, na mwendeshaji huchagua kati yake kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo.

Kitovu cha gololi hakiwezi kufunguliwa chini ya mwarobaini kwa spana mbili na kipande cha gunia. Mpango wa kampuni hauna budi kuwa wa kubadilishana magurudumu: bovu litolewe zima, jingine lililo tayari lifungwe papo hapo na fundi yuleyule anayeziba pancha kila siku, akilipwa kwa kazi hiyo, na bovu lipelekwe kwenye karakana moja yenye vifaa. Baiskeli zikodishwe kwa hesabu ya siku, kama wenye bodaboda wanavyofanya, kwa sababu mwuza maji hana fedha za kununua kitovu kwa mkupuo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo Tudor, kingeweza kuombwa kupima upotevu wa nguvu na kutu kwa mwaka mzima, kuanzia kaskazi hadi masika na kurudi, na mwishoni kitovu kimoja kipasuliwe mbele ya mafundi wa Mtopanga, waione hali ya mafuta na ya gololi zenyewe kabla baiskeli ya kwanza haijakodishwa.