Mgunga upi?

Mkulima wa Busi, wilayani Kondoa, akishauriwa aache migunga ikue shambani, amepewa ushauri nusu. Mgunga ni Vachellia tortilis, wenye miiba ya namna mbili, mirefu myeupe na mifupi iliyopinda. Ni Senegalia polyacantha pia. Na wengi huuita hivyo hivyo Faidherbia albida, ambao wengine huujua kama mkababu. Mkababu hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi, kwa hiyo mtama ulio chini yake hupata jua, na majani yanayoanguka huurutubisha udongo. Tortilis huwa na majani mvua zinaponyesha. Sifa yake kubwa ni maganda, ambayo mbuzi huyategemea nyasi zikikauka. Anayetafuta mavuno na anayetafuta malisho wakiondoka kitaluni na mche wa jina moja, mmoja wao ataligundua kosa baada ya miaka.

Kondoa inajua gharama ya kurudisha uhai wa ardhi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Leo kampeni ya Kisiki Hai inawahimiza wakulima wa Dodoma kuchagua na kutunza machipukizi ya visiki. Anayechagua lazima ajue anachagua nini. Kwa hiyo kila kitalu na kila sheria ndogo ya kijiji inayotaja miti iandike majina matatu: la Kiswahili, la lugha ya wenyeji na la kisayansi.

Watakuwapo wa kusema mzee wa Kirangi hahitaji Kilatini kuutambua mti wake. Ni kweli, na ujuzi wake ndio sababu ya kuliandika jina la Kirangi mapema. Lakini mbegu husafiri mkoa hadi mkoa, na mzee hasafiri nazo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba majina ya kisayansi nayo hubadilika: tortilis na polyacantha zilijulikana kama Acacia, mpaka mkutano wa wanabotania wa Vienna wa mwaka 2005 ulipoamua jina hilo libaki kwa miti ya Australia, uamuzi uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011. Hata hivyo, badiliko hilo limeandikwa. Jina la zamani na jipya yote hurejea kwenye sampuli ile ile iliyokaushwa na kuhifadhiwa. Neno mgunga peke yake halimrudishi mnunuzi wa mche popote. Wakala wa Huduma za Misitu unaweza kuanza na vibao vya vitalu vya Dodoma, kabla ya mvua zijazo.