Elimu ya Bure na Kijana wa Sapiwi

Mwaka 2012 vyuo vya Harvard na MIT vilianzisha edX, na maprofesa wawili wa Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller, wakaanzisha Coursera. Ahadi ilikuwa kwamba yeyote mwenye intaneti, popote alipo, angesoma masomo ya chuo kikuu bila ada. Mwaka huohuo ndio Mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa rasmi. Je, ahadi ile imefika Simiyu?

Nimeijaribu mwenyewe. Likizo hii, nikiwa Sapiwi, wilayani Bariadi, nilijiandikisha kwa mara ya kwanza katika kozi ya bure ya uchumi wa maendeleo. Niseme wazi kwamba kozi ni nzuri. Mihadhara ni mifupi, ufafanuzi umetulia, na maswali ya kujipima hufuata papo hapo. Mhadhiri yeyote angejifunza kitu pale, nami nimejifunza.

Lakini nilikuwa na vitu vitatu ambavyo vijana wengi wa kijijini hawana: kompyuta, fedha za vifurushi vya intaneti, na Kiingereza cha kazini. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na sasa analima pamba, aliketi nami kusikiliza mhadhara wa kupanda na kushuka kwa bei za mazao. Jambo lenyewe analijua vizuri, kwani kila msimu pamba yake hupita kwenye mizani. Alipouliza, "Mjomba, anasemaje huyu?", nikaanza kumfasiria. Tukabishana hadi jioni, na hoja zake hazikuwa dhaifu.

Kijana huyu hakukosa akili wala bidii. Alizuiwa na lugha, na angekuwa peke yake angezuiwa pia na upweke. Upweke huo hauwaelemei Watanzania tu. Katika kozi 17 za mwanzo za Harvard na MIT kulikuwa na uandikishaji 841,687, lakini vyeti vilivyotolewa vilikuwa 43,196, yaani takriban kimoja kwa kila ishirini. Wapo waliojiandikisha kwa udadisi tu, ni kweli. Hata hivyo, pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza.

Ndugu msomaji, nchi hii iliwahi kufanya vizuri zaidi kwa chombo duni zaidi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha Kiswahili. Baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya juu wakumbuke kwamba malaria na kichocho vilielezwa kwa lugha hiyohiyo, na wakulima wakaelewa.

Kwa hiyo sipendekezi tuzikatae kozi za ng'ambo. Napendekeza tuongeze kile zinachokosa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina uzoefu wa kumfuata mwanafunzi aliko. Kwa kushirikiana na vyuo vingine, kingeweza kuandaa kozi fupi za Kiswahili kuhusu pamba, ushirika, hesabu za biashara na sheria ya ardhi. Halmashauri nazo zifungue darasa moja la sekondari jioni katika kila kata, liwe na kompyuta, intaneti na kiongozi wa mjadala anayelipwa posho.

Gharama ipo, na lazima iingizwe katika bajeti. Tusipoilipa kwa pamoja, tutakuwa tumemwachia mkulima wa pamba ailipe peke yake, kisha tutamlaumu kwamba elimu ilikuwa ya bure naye hakuitaka.